Kabla Hujatuma Pesa za Tairi Nairobi, Itisha Picha Kwanza

Wengi wetu huku nje tumeacha gari Nairobi, bro ndio anaitumia ama mzee anaenda nayo kanisani, alafu jioni meseji inaingia, tairi zimeisha tuma pesa. Unatuma. Miezi michache baadaye zimeisha tena na sasa watu wanaanza kushukiana, kumbe hakuna aliyekula pesa ya mtu, gari yenyewe ndio inakula tairi na hakuna ameangalia inakula upande gani.

Kwa hivyo kabla ya M-Pesa, itisha picha. Sio ya gari imepakiwa vizuri getini, ni ya meno ya tairi kwa karibu, sehemu tatu: ukingo wa ndani, katikati, na ukingo wa nje, rula ikiwa imesimamishwa ndani ya mfereji. Ukingo wa ndani ndio husahaulika sababu ukisimama nje hauonekani, mwambie akate usukani mpaka mwisho ndio tairi za mbele zijitokeze, za nyuma ainame na tochi ya simu. Na ukija Disemba beba ile geji ndogo ya kupima meno, bei yake ni kidogo sana na inaingia mfukoni.

Tairi mpya ya gari ndogo huwa na karibu milimita 8. Uingereza na nchi za Umoja wa Ulaya hawaruhusu chini ya 1.6, na ndani ya mifereji kuna vituta vidogo vya raba, meno yakilingana na hivyo vituta basi umefika hiyo 1.6. Mimi singengoja hapo. Ikifika 3 anza kutafuta pesa, hasa mvua za Machi hadi Mei zikikaribia, sababu kazi ya mifereji ni kutoa maji, na Thika Road ikijaa maji tairi kipara inaelea tu, hata ukanyage breki namna gani.

Sasa soma picha. Kingo zote mbili zimeisha na katikati iko sawa, upepo ni mdogo. Katikati pekee imeisha, upepo umezidi. Hiyo haihitaji pesa, aangalie kibandiko kwa fremu ya mlango wa dereva, gari za Japani mara nyingi upepo umeandikwa kwa kPa badala ya psi, 220 kPa ni kama psi 32, na apime asubuhi kabla gari haijatembea, sio saa saba akitoka Mombasa Road na tairi zimechemka.

Upande mmoja tu, hapo ndio pesa nyingi ya diaspora hupotelea. Ni alainmenti, yaani vile magurudumu yamenyooshwa, ama bushi na boljointi, zile raba na viungo vinavyoshika gurudumu chini ya gari, zimelegea, na kwa mashimo na matuta ya mitaa yetu hizo hazikai sana. Ukiweka tairi mpya bila kugusa hizo, nazo zitaisha vilevile. Lazima bushi zibadilishwe kwanza ndio alainmenti ifuate, ukifanya kinyume alainmenti haishiki, na tafadhali aitishe karatasi ya vipimo vya kabla na baada akupigie picha. Ikiwa tairi ina mabonde mabonde kuzunguka, shuku shokamzoba, zile zinazozuia gari kudundadunda, ama balansi ya magurudumu.

Tarehe tairi ilitengenezwa pia muhimu, ubavuni mwa tairi, mwisho wa maandishi yanayoanza na DOT, kuna namba nne, 2319 ni wiki ya 23 mwaka wa 2019. Gari iliyokaa sana kwa parking inaweza kuwa na meno marefu na raba imepasuka pasuka ubavuni, hiyo usiendeshe kwenda Nakuru na watoto.

Na kama anaambiwa kuna za mitumba za bei poa, aangalie vile vituta. Kuna watu huchonga mifereji upya kwa kisu cha moto, kwa hivyo mfereji ukiwa unaonekana mrefu lakini vituta vimekatwa ama havipo kabisa, au nyuzi zinachungulia, aondoke. Hiyo raba iliyobaki ni nyembamba na inaweza kupasuka ukiwa kwa spidi.

Spea nayo ipigwe picha, na iwekwe upepo.