Namna ya kupata toleo halisi la picha au shairi lililotoka Der Sturm au Die Aktion

Mwanafunzi mmoja wa sanaa alinitumia picha kadhaa za weusi na weupe alizookota mtandaoni. Chini ya kila moja paliandikwa "Der Sturm, Berlin", basi. Der Sturm na Die Aktion ni majarida ya sanaa na fasihi yaliyotoka Berlin mwanzoni mwa karne ya ishirini. Msimamizi wake anadai namba ya toleo, tarehe na ukurasa. Tulizipata zote, na kwa kuwa si yeye peke yake anayeniuliza jambo hili, nimeona niandike njia niliyoipita.

Unahitaji kompyuta (simu itakutesa kwenye Hatua ya 4), intaneti, na daftari. Kijerumani si lazima ukijue, ila kamusi iwe karibu.

Hatua ya 1: Hakikisha ni jarida gani

Maneno yaliyoandikwa chini ya picha mtandaoni usiyaamini. Watu huandika "Der Sturm" kwa kila mchoro mkali wa Kijerumani wa miaka ile, kwa sababu ndilo jina wanalolijua.

Der Sturm lilianzishwa Berlin na Herwarth Walden, na namba ya kwanza ilitoka tarehe 3 Machi 1910. Jina lake la kuzaliwa ni Georg Lewin; hilo la Walden alipewa na mshairi Else Lasker-Schüler, aliyekuwa mkewe hadi 1912. Kwa Walden sanaa ilikuja kwanza, na mwaka huohuo wa 1912 akafungua jumba la maonyesho lenye jina la jarida. Die Aktion lilikuwa la Franz Pfemfert, hapohapo Berlin, kuanzia tarehe 20 Februari 1911. Huyu alikuwa mtu wa siasa kwanza, mpinga vita asiyeyumba. Wachoraji na washairi wengi walionekana kote kuwili, kwa hiyo jina la msanii peke yake halikupi jibu. Majarida yote mawili yalikoma 1932.

Kama picha ina vipande vya magazeti vilivyogandishwa pamoja na herufi zilizopinda huku na huku, huenda haikutoka kwenye hayo bali kwenye Der Dada, jarida la kundi la wasanii la Dada, Berlin kuanzia 1919, au Merz la Kurt Schwitters, Hannover, kuanzia 1923. Na kama ni katuni ya kumdhihaki ofisa, kasisi au mkoloni, anza na Simplicissimus la München. Ndilo lililotoa mwaka 1904 ile katuni ya Thomas Theodor Heine ambamo twiga wa Afrika wanafundishwa gwaride la Kijerumani. Imenukuliwa sana kwenye maandishi kuhusu ukoloni wa Wajerumani, na mara nyingi bila tarehe.

Hatua ya 2: Pata jarida zima

Tovuti za kukusanyia picha zifunge. Zinakata ukurasa, zinabakiza mchoro, na namba zote ulizokuwa unazitafuta zinabaki kwenye kile kipande kilichokatwa.

Kwa Der Sturm mimi huanza na mradi wa Blue Mountain wa Chuo Kikuu cha Princeton. Kwa Dada na jamaa zake, maktaba ya Chuo Kikuu cha Iowa ina hazina nzuri sana. Majarida ya Jugend na Pan yako maktaba ya Chuo Kikuu cha Heidelberg, na Simplicissimus lina tovuti yake. Zote hizi ni bure. Die Aktion utalipata kwenye Internet Archive, lakini soma kwanza Hatua ya 5 kabla hujashangilia.

Nipe kurasa zilizopigwa picha moja moja kuliko faili moja kubwa la PDF, siku yoyote. PDF nyingi zimebanwa hadi wino unaonekana kama tope.

Hatua ya 3: Tafuta kwa maneno

Andika jina la msanii au mstari wa kwanza wa shairi. Usipopata kitu, jaribu ü kama ue, na ß kama ss. Kwa majarida yaliyochapwa kwa Fraktur (herufi za kizamani za Kijerumani), kama Simplicissimus, kompyuta husoma s ndefu kama f, kwa hiyo tafuta neno fupi lisilo na s. Hapa pamekwisha.

Hatua ya 4: Mwaka, namba na ukurasa

Hapa ndipo saa zinapopotelea. Chukua chai.

Rejea ya Kijerumani huja na vifupisho vinne. Jg. ni mwaka wa jarida, Nr. ni namba ya toleo, S. ni ukurasa, Sp. ni safu. Ukiviangalia haraka utadhani vinaeleweka.

Anza na Jg. Mwaka wa jarida la Der Sturm, ukiacha ule wa kwanza ulioanza Machi 1910, ulikuwa ukianza Aprili. Ni kama mwaka wa fedha wa serikali unaoanza Julai: nusu iko mwaka huu, nusu iko mwaka ujao. Kwa hiyo Jg. 3 inaanzia Aprili 1912 hadi Machi 1913. Ile insha ya Robert Delaunay kuhusu nuru, aliyoitafsiri Paul Klee, iko Jg. 3, na tarehe yake ni Januari 1913. Chapa ya mbao ya Franz Marc iitwayo "Versöhnung" nayo iko Jg. 3, lakini ni ya Septemba 1912. Ukikuta mtu ameandika "Der Sturm 3 (1912)" na mwingine "Der Sturm 3 (1913)", usikimbilie kusema mmoja amekosea. Fungua toleo uone mwezi.

Die Aktion halifanyi hivyo. Mwaka wake wa kwanza ulianza Februari 1911, lakini kuanzia 1912 mwaka wa jarida ni mwaka wa kalenda. Jg. 3 ya Die Aktion ni 1913 tupu. Ndiyo maana ukifanya kazi na majarida yote mawili kwa siku moja, lazima uwe na jedwali pembeni. Mimi hulichora kwa mkono: nguzo moja Sturm, nyingine Aktion, mistari ni miaka. Kuna programu za kutunza rejea zinazodai kufanya kazi hiyo. Nyingi zina kisanduku kimoja tu cha mwaka, na zitakulazimisha uandike 1912 mahali panapostahili 1912/13.

Sasa Nr. Miaka ya mwanzo Der Sturm lilihesabu namba mfululizo, bila kurudi moja mwaka wa jarida ulipogeuka. Baadaye, kufikia Jg. 5 iliyoanza Aprili 1914, hesabu inaanza upya kila mwaka. Maana yake "Nr. 4" bila Jg. inaweza kuwa ya Machi 1910 au ya Mei 1914, ambamo utaikuta tamthilia ya August Stramm, "Sancta Susanna". Namba peke yake haikutoshi kamwe.

Kuna ujanja wa kuhakiki tarehe za mwanzoni, wakati jarida lilipokuwa la kila wiki. Namba 1 ni Alhamisi, tarehe 3 Machi 1910. Ongeza wiki 19, utaangukia Alhamisi, tarehe 14 Julai 1910, na kweli hiyo ndiyo namba 20, yenye mchoro maarufu wa Oskar Kokoschka wa tamthilia yake "Mörder, Hoffnung der Frauen". Hesabu inakubali kabisa. Lakini usiutumie ujanja huu mbali sana. Ilani ya Futurismo, kundi la sanaa la mshairi Mwitaliano Marinetti, iko namba 104. Ukihesabu wiki kwa wiki utapata tarehe 22 Februari 1912, ilhali toleo lenyewe ni la Machi. Njiani jarida lilichelewa, na kalenda ya kichwani mwako haijui hilo. Mimi huuamini kwa mwaka 1910 tu.

Angalia pia namba pacha. "Versöhnung" iko namba 125/126. Insha ya Delaunay iko 144/145. Ile ya Apollinaire kuhusu uchoraji wa kisasa iko 148/149, Februari 1913. Mwandishi mmoja ataandika 125, mwingine 126, na kisanduku cha kutafutia cha maktaba kitakuambia hakuna kitu, kwa sababu faili limeandikwa 125-126. Ukikosa namba, tafuta jirani yake kabla ya kukata tamaa.

Halafu kurasa. Ilani ya Marinetti niliyoitaja iko ukurasa wa 828. Hakuna jarida la wiki lenye kurasa 828. Kurasa zilihesabiwa mfululizo toleo hadi toleo, ili wasomaji wazijalidi pamoja, na katika miaka miwili ya kwanza hesabu haikurudi moja hata mwaka wa jarida ulipogeuka. Hilo ni faida kwako: ukiwa na Jg. na ukurasa, unaweza kulifikia toleo hata kama namba imepotea. Ndiyo maana nikilazimishwa kuchagua vitu viwili tu vya kunakili, nanakili Jg. na ukurasa.

Kwa Die Aktion kuna mtego wa ziada. Pfemfert hakuhesabu kurasa, alihesabu safu. Kila ukurasa una safu mbili, na kila safu ina namba yake. Kwa hiyo Sp. 1122 si ukurasa wa 1122. Ni kama ukurasa wa 561 wa mwaka ule. Mwanafunzi wangu alikuwa anasogeza faili hadi ukurasa wa elfu moja na mia, faili linaishia katikati, naye anadhani limekatwa. Gawa kwa mbili, kisha ongeza kurasa za jalada zilizoingizwa kwenye skani. Na usije ukaandika "uk. 1122" kwenye tasnifu yako. Andika "safu ya 1122".

Mwisho wa hatua hii, hakiki siku ya wiki. Toleo la Die Aktion lenye picha ya Charles Péguy iliyochorwa na Egon Schiele ni la tarehe 24 Oktoba 1914, namba 42/43. Toleo maalumu la Schiele ni la tarehe 2 Septemba 1916, namba 35/36. Zote mbili ni Jumamosi. Ukiletewa tarehe ya Die Aktion ya miaka ya vita inayoangukia Jumanne, rudi ukaangalie upya.

(Hebu tazama tena hiyo ya Péguy. Ni Mfaransa, ameuawa vitani Septemba 1914 akipigana na Wajerumani, na mwezi uliofuata yuko mbele ya jarida la Berlin. Pfemfert alikuwa chini ya wakaguzi wa serikali na hakuweza kuandika "tunaipinga vita hii", lakini aliweza kuchagua sura ya nani iwe juu ya jalada. Ukiwa na picha iliyokatwa bila tarehe, hayo yote huyaoni. Unaona mwanamume tu.)

Hatua ya 5: Je, ni chapa ya mbao au picha ya mchoro?

Wengi huita kila kitu "chapa ya mbao". Mchoro wa Kokoschka wa 1910 ni wa kalamu, na jarida lilichapa nakala yake. "Versöhnung" ya Marc ni ubao uliochongwa kweli, ukapakwa wino.

Kuza skani hadi mwisho. Ukiona vidoti vidogo vilivyopangwa safu, hiyo ni picha iliyopigwa kwa kamera. Ukiona weusi mzito wenye kingo kali, na pengine mishipa ya mti, unaweza kushuku mbao. Kushuku, si kuapa: bamba la chuma lililotengenezwa kutokana na chapa ya mbao linatoa weusi uleule. Uamuzi wa mwisho unatoka kwenye katalogi kamili ya kazi za msanii mwenyewe, si kwenye skrini yako.

Kagua pia kama skani ni ya jarida lenyewe au ya chapa ya marudio. Die Aktion lilianza kurudiwa na wachapishaji Cotta mwaka 1961, likihaririwa na Paul Raabe, na Der Sturm lilirudiwa na wachapishaji Kraus wa Nendeln mwaka 1970. Kwa mashairi, marudio yanatosha kabisa. Kwa michoro hayafai, kwa sababu unaangalia picha ya picha. Dalili ya karatasi asilia ni rangi ya kahawia kingoni na maandishi ya upande wa pili yanayopenya. Karatasi nyeupe pee isiyo na doa ni ya kutiliwa shaka.

Huyohuyo Raabe ndiye aliyetoa mwaka 1964 orodha ya majarida ya enzi ya Der Sturm na Die Aktion. Kama maktaba ya chuo chako inayo, acha mtandao, nenda kaketi nayo mchana mmoja.

Hatua ya 6: Andika rejea, na uangalie haki

Franz Marc, "Versöhnung", chapa ya mbao, Der Sturm, Jg. 3 (1912/13), Nr. 125/126, Septemba 1912. Kisha ukurasa kama ulivyouona kwa macho yako, si kama ulivyoukuta kwenye makala ya mtu.

Kuhusu kuitumia picha: Ujerumani inalinda kazi hadi miaka 70 baada ya kifo cha msanii. Marc alikufa 1916, hana shida. Schiele alikufa 1918, hana shida. Kokoschka aliishi hadi 1980, kwa hiyo huko kazi zake zimelindwa hadi mwisho wa 2050, hata zile za 1910. Kumnukuu kwenye tasnifu ni jambo moja. Kumchapa kwenye fulana za kuuza ni jingine, na kwa hilo utaomba ruhusa.

Faili lipe jina hili: sturm_03_125-126_1912-09. Mwaka wa jarida kwanza, kalenda mwisho. Ukianza na kalenda, faili za Aprili 1912 na za Machi 1912 zitakaa bega kwa bega kana kwamba ni za mwaka mmoja wa jarida, na utarudi Hatua ya 4.