Pima KH Kabla ya Kutia Jani la Mkungu

Wafugaji wa samaki wa mapambo wa Tanga, Dar es Salaam, Mombasa na Unguja wanajua kwamba jani kavu la mkungu (mti wa kungu, si mkungu wa ndizi) hushusha pH ya maji, yaani kipimo cha asidi: namba ikishuka, asidi imezidi. Sitapoteza muda kuwaeleza hilo. Ninaandika kwa sababu ya hasara moja isiyokoma. Mtu anatia majani, anapima, pH iko palepale kwenye 7.8. Anaongeza mengine, anapima, bado. Anaongeza tena mpaka changarawe za chini hazionekani. Wiki ya tatu samaki wanapanda juu kutafuta hewa, na asubuhi moja anakuta samaki wake wa diskasi wa bei ghali wamelala ubavu. Lawama zote anautupia mkungu.

Mkungu hauna kosa. Kosa ni kutia jani kwenye maji ambayo KH yake haijulikani.

KH ni kipimo cha bikaboneti iliyomo majini, na bikaboneti kazi yake ni kumeza asidi. Jani la mkungu hutoa tanini na asidi za humiki, zote dhaifu. Maji ya visima vyetu vya pwani yamepita kwenye mwamba wa matumbawe na kubeba chokaa njiani, kwa hiyo KH ya 10 au 15 si ajabu. KH ya 10 maana yake kila lita ina uwezo wa kumeza asidi sawa na miligramu 179 za kalsiamu kaboneti. Majani mawili matatu hayawezi kitu hapo. Maji yatabadilika rangi yawe ya hudhurungi, mwenye tangi afurahi, na pH haijasogea. Rangi si asidi! Hili nimelisema mara nyingi hadi nimechoka.

Hasara yenyewe huja baadaye. Bakteria wa kwenye filta wanaogeuza amonia, sumu itokayo kwenye uchafu wa samaki, kuwa naitreti nao hula bikaboneti: kila gramu 1 ya naitrojeni ya amonia huondoka na takriban gramu 7 za kalsiamu kaboneti. Kwa hiyo KH inapungua kila wiki bila wewe kujua, huku rundo la majani likiendelea kutoa asidi na kuoza, na kuoza kwake kunakula oksijeni. KH ikifika 1 hakuna tena cha kuizuia pH. Inaweza kuporomoka kutoka 7 hadi 5 ndani ya usiku mmoja, na kumbuka kwamba kila namba moja ya pH ni mara kumi: 7 hadi 5 ni asidi mara mia.

Halafu mwenye tangi anashtuka, anamwaga nusu ya maji na kujaza ya kisima yenye pH ya 8. Hapo ndipo anapowamaliza. Kwenye pH ya 6 na joto la nyuzi 28, karibu amonia yote iko katika hali ya amoniamu isiyodhuru samaki sana. Iliyo sumu haifiki asilimia 0.1. Ukiipeleka pH kwenye 8 ghafla, sehemu iliyo sumu inaruka hadi asilimia 6 hivi. Na kwa kuwa bakteria wa filta huzembea pH ikiwa chini ya 6, amonia ilikuwa imeshajilimbikiza ikisubiri.

Sasa vipimo. Fuata kama vilivyoandikwa, usikadirie kwa jicho.

Chota mililita 5 za maji ya chanzo chako, yaani ya kisima au bomba, kabla hayajagusana na jani lolote. Dondosha dawa ya kupimia KH tone moja moja, ukitikisa kila tone. Maji yataanza buluu na kugeuka njano. Kwa kipimo cha kawaida, idadi ya matone mpaka kugeuka ndiyo KH. Soma karatasi ya dawa yako kuhakikisha, maana ukitumia mililita 10 badala ya 5 utapata namba mara mbili na hesabu yote itaharibika. Usitumie maji yaliyokwisha kuwa ya hudhurungi, kwa sababu hutaona rangi ikigeuka.

KH ikiwa zaidi ya 4, usitie jani. Punguza kwanza kwa maji ya mvua, ambayo KH yake inakaribia sifuri. Hesabu ni nyepesi: kisima chenye KH 12, unataka 4, changanya sehemu moja ya kisima na mbili za mvua. Kwa pipa la lita 60 ni dumu moja la lita 20 la kisima na madumu mawili ya mvua. Kinga maji baada ya mvua kuosha paa kwa robo saa, na usikinge kwenye bati jipya kwa sababu zinki yake inadhuru samaki. Baada ya kuchanganya pima tena. Ndiyo, tena.

Lenga KH ya 3 hadi 4 kwa tangi la kufugia. KH ya 1 hadi 2 ni ya tangi dogo la kutagia samaki wa neoni peke yake, kwa siku chache na kwa kupima kila siku, kwa sababu mayai yao hayaanguliki vizuri kwenye maji magumu. Nimeona watu wanaishusha KH ya tangi zima la lita 300 kwa ajili ya jozi moja ya neoni. Huko ni kutafuta msiba.

Jani liwe limeanguka lenyewe, limekauka rangi ya kahawia, na ukilikunja linavunjika. Jani bichi lina utomvu na sukari, linaoza haraka na kuchafua maji. Usiokote kando ya barabara kuu wala palipopigwa dawa ya wadudu. Lioshe, kisha lianzie kwenye pipa la maji ya kubadilishia, si kwenye tangi lenye samaki. Kipimo cha kuanzia ni jani moja la sentimita 20 kwa lita 40. Acha siku 7, ukiendesha pampu ya hewa humo. Pima pH. Ikiwa bado iko juu, ongeza jani moja kwa lita 40 na usubiri siku 7 nyingine. Usikatishe hizo siku 7.

Maji hayo yaingie kwenye tangi kwa asilimia 10 kila siku, na pH ya tangi isishuke zaidi ya 0.2 kwa siku. Pima saa ileile kila asubuhi kabla ya kuwasha taa, maana tangi lenye mimea pH yake hupanda mchana na kushuka usiku. Tumia kifaa cha umeme kilichorekebishwa kwa maji ya pH 7 na pH 4. Matone ya rangi yatakudanganya ndani ya maji ya hudhurungi. Jani lililotumika litoe wiki ya nne, hata kama linaonekana zima.

Mchanga wa baharini, makombe na vipande vya matumbawe vitoe kwenye tangi, la sivyo KH itapanda tena. Kama una shaka na changarawe zako, zidondoshee siki: zikitoa povu, zina chokaa.

Makumbi ya nazi nayo hutoa tanini, ila yasiwe yale yaliyofukiwa ufukweni kwa ajili ya kusokota kamba, kwani yamejaa chumvi. Majani makavu ya mpera yanafaa. Mwarobaini usiutie kabisa, wala utupa, ambao wavuvi wa zamani waliutumia kulewesha samaki mtoni. Ndimu na siki hushusha pH kwa saa chache kisha inarudi juu, na mpando huo ndio unaoumiza.

Ukifanya sawasawa, pH itatulia kati ya 6.2 na 6.8 na samaki watakula bila kusita.

Wenye gapi, moli au samaki wa Ziwa Tanganyika na Ziwa Nyasa, haya yote hayawahusu. Ziwa Tanganyika lina pH inayokaribia 9. Samaki wake waachieni maji yenu ya kisima, na jani la mkungu libaki chini ya mti.