Wastani humficha nani? Kupima bei, pengo na upendeleo ukiwa Dar es Salaam

Uchumi ukiyumba, serikali karibu zote duniani huja na namba moja: bei zimepanda kwa asilimia kadhaa, pato limekua kwa asilimia kadhaa. Mara nyingi namba hiyo si ya uongo. Shida yake ni kuwa ni wastani, na ndani ya wastani mtu aliyeumia na mtu aliyeneemeka huonekana wamoja. Kuwatenganisha kunahitaji daftari, mizani ndogo, simu yenye kikokotoo na uvumilivu wa mwaka mmoja.

Anza na bei za nyumbani

Orodhesha vitu 15 hadi 20 ambavyo kaya hununua kila mwezi, na mbele ya kila kimoja andika kiasi: sembe kilo 20, mchele kilo 15, maharage kilo 5, mafuta ya kupikia lita 4, sukari kilo 4, dagaa, nyanya, mkaa au gesi ya mtungi wa kilo 6, umeme wa LUKU, maji, nauli za daladala, kodi. Kodi ya miezi sita iliyolipwa kwa mkupuo igawe kwa sita, la sivyo mwezi mmoja utaonekana wa balaa na mitano ya neema.

Kiasi hicho ukikifunga, usikiguse mwaka mzima. Hapa ndipo wengi huharibu. Dagaa wakipanda, mama wa nyumba hununua nusu, na mwandishi wa daftari naye anaandika nusu. Mwisho wa mwezi gharama ni ileile na hesabu inadai hakuna kilichopanda. Kumbe watu wamekula kidogo. Andika bei ya kiasi cha mwanzo, kisha pembeni weka kiasi kilichonunuliwa kweli. Tofauti ya safu hizo mbili ndiyo njaa, na hakuna takwimu ya taifa itakayokuonyesha kwa haraka hivyo.

Pima kwa mizani kila kinachouzwa kwa fungu, kopo au kisado. Muuzaji wa Buguruni au Mabibo hana haja ya kupandisha bei ya fungu la nyanya, anapunguza nyanya. Fungu la shilingi 1,000 lililokuwa na nyanya sita likibaki na nne za ukubwa uleule, bei imepanda kwa 50% bila mtu kutamka lolote. Mafuta ya kupima na mkaa wa kopo vina mchezo huohuo.

Nenda siku ileile ya mwezi na saa ileile, kwa wauzaji watatu, uchukue bei ya katikati. Bei ya asubuhi na ya jioni kwa mboga ni vitu viwili tofauti. Linganisha mwezi na mwezi kama huo wa mwaka uliopita, maana masika husumbua nyanya na barabara za kuzileta. Mwezi wa Ramadhani uweke alama: husogea nyuma kwa takriban siku 11 kila mwaka, kwa hiyo unaweza kuharibu ulinganisho wa Machi na Machi.

Hesabu yenyewe ni fupi. Gawanya gharama ya kikapu cha leo, yaani orodha yako nzima, kwa gharama ya mwaka jana. Kikapu kilichokuwa 240,000 kikifika 262,800, kimepanda kwa 9.5%. Kama kipato kimeongezeka kwa 5%, gawanya 1.05 kwa 1.095: unapata 0.959. Yaani uwezo wa kununua umeshuka kwa 4.1%, ingawa mfukoni noti zimeongezeka.

Kwa nini namba yako itapishana na ya Ofisi ya Taifa ya Takwimu? Mara nyingi sababu ni uzito wa chakula. Katika kikapu cha taifa chenye mwaka wa kizio (mwaka wa kulinganishia) 2020, chakula na vinywaji visivyo na kilevi vimepewa 28.2%. Kaya ya kipato cha chini inaweza kutumia 60% kwa chakula, na ya kipato cha juu 15%. Tuseme chakula kimepanda 10% na vingine vyote 2%. Kwa uzito wa taifa, mfumuko wa bei ni 4.3%. Kwa kaya ya kwanza ni 6.8%, kwa ya pili ni 3.2%. Ni bei zilezile, soko lilelile, na mfumuko mara mbili na zaidi kwa asiye nacho.

Angalia pia ruzuku kwa jicho hilo. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hutangaza bei kikomo za mafuta Jumatano ya kwanza ya kila mwezi. Mwaka 2022, vita ya Ukraine ilipopandisha petroli ya Dar es Salaam hadi zaidi ya shilingi 3,100 kwa lita mwezi Mei, serikali ilitoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa Juni. Iliwasaidia abiria, kwa sababu nauli hufuata dizeli. Lakini ruzuku ya lita humfuata anayechoma lita nyingi, kwa hiyo mwenye magari matatu Masaki alipunguziwa zaidi ya muuza mihogo wa Manzese. Kila ukisikia ruzuku, uliza inagawiwa kwa kipimo gani.

Pengo

Hili halihitaji mengi. Chukua kaya kumi za mtaa au za kikundi chenu cha vikoba, uzipange kuanzia ya chini. Uliza matumizi badala ya kipato, kwa sababu kipato hufichwa. Mfano, kwa maelfu: 150, 180, 200, 220, 250, 300, 350, 450, 700, 1,800. Wastani ni 460, na kaya nane kati ya kumi ziko chini yake. Ya katikati ni 275. Kisha gawanya kaya moja ya juu kwa jumla ya nne za chini: 1,800 kwa 750 ni 2.4. Kaya hiyo moja inatumia mara 2.4 ya zile nne zikijumlishwa. Rudia kila mwaka, na kaya zilezile. Matajiri wa kweli hawatakujibu, kwa hiyo pengo ulilopata lichukulie kuwa ni la chini kuliko lilivyo.

Upendeleo

Huu hauna mizani, una dalili. Mahali pa kuutafuta ni pale kibali, leseni au zabuni inapoamua nani afanye biashara. Tunisia ni somo zuri: uchunguzi wa Benki ya Dunia wa 2014 ulikuta kampuni 220 zilizohusiana na familia ya rais wa zamani Ben Ali zikichukua karibu 21% ya faida ya sekta binafsi, huku zikiajiri takriban 1% tu ya wafanyakazi. Zilijazana katika sekta zenye vibali. Indonesia ya Rais Suharto, mwanawe Tommy alipewa ukiritimba wa kununua karafuu. Ulivunjwa 1998 kwa masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF), rupia ikiwa imeshaporomoka. Watafiti waligundua pia kuwa kila uvumi wa ugonjwa wa Suharto ulipoenea Jakarta, hisa za kampuni zilizokuwa karibu naye zilianguka zaidi ya nyingine. Soko lilijua faida ile ilitoka wapi.

Kwa hapa, zabuni za umma hupitia NeST, mfumo wa ununuzi wa umma wa mtandaoni. Chukua jina la kampuni iliyoshinda, ulipeleke BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kuona ilisajiliwa lini na wanahisa ni nani. Zitilie shaka hizi: kampuni iliyosajiliwa muda mfupi kabla ya tangazo, mzabuni mmoja tu, masharti yanayomfaa mmoja, kazi moja iliyokatwa vipande vidogo, na nyongeza za mkataba zisizokwisha. Ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG), ambayo hufika bungeni kila Aprili, anza kuisoma kwenye utekelezaji wa mapendekezo ya nyuma. Hoja ya ukaguzi inayorudi miaka mitatu mfululizo ina uzito kuliko hoja mpya yenye fedha nyingi.

Karibu zaidi na mtaani kuna mikopo ya 10% ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4% wanawake, 4% vijana, 2% watu wenye ulemavu. Ilisitishwa Aprili 2023 baada ya CAG kuonyesha kasoro, kisha ikarejeshwa 2024 kwa utaratibu mpya. Omba orodha ya vikundi vilivyopata, uone kama vipo kweli na kama viongozi wa vikundi viwili ni watu walewale.

Dalili moja haitoshi, na jina la mtu usilirushe kwenye kundi la WhatsApp. Sheria ya makosa ya mtandao ya 2015 haina mzaha. Andika barua ya kuomba taarifa chini ya Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, ambayo inampa mwenye taarifa siku 30 kujibu. Taja nyaraka moja kwa jina na mwaka wake wa fedha, maana ombi la “taarifa zote” hurudishwa. Peleka nakala mbili na yako igongwe muhuri wa kupokelewa, wenye tarehe. Zikitimia dalili tatu au zaidi na una karatasi mkononi, namba ya bure ya TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, ni 113.