Daktari Mstaafu, Kabla Hujageuka Mwandishi

Nilipostaafu nikiwa na miaka 60, wenzangu wawili walinikaribisha kwenye zahanati zao, na shemeji yangu akanitafutia shamba la korosho. Nikakataa yote. Nitaandika, nikawaambia: ripoti za utafiti, makala za majarida ya tiba, vipeperushi vya wagonjwa. Udaktari ninao, Kiingereza ninacho, kimebaki nini? Kumbe miaka yote ile nilikuwa nawaandikia watu wanaojua tayari ninachotaka kusema. Faili la mgonjwa halina sentensi, lina vifupisho. Basi kabla hujaaga wodini, andika ukurasa mmoja, umpe mtu asiye wa fani yetu, uone kama ataumaliza bila kukuuliza kitu.

Mimi nilijipima kwa maelekezo ya dawa ya mseto ya malaria. Mtu mzima humeza vidonge 4, zikipita saa nane humeza 4 vingine, kisha 4 asubuhi na 4 jioni kwa siku mbili zinazofuata. Jumla 24. Nikaandika: “Meza dozi ya pili baada ya saa nane.” Binti yangu, mwalimu wa shule ya msingi, akasoma akaniangalia. “Baba, na aliyemeza ya kwanza saa saba mchana?” Sikuwa na jibu. Mgonjwa huyo angetazama ukutani, akaona saa nane imeshapita, akameza vidonge vingine 4 wakati vya kwanza havijatulia tumboni. Siku hizi naandika hivi: ukimeza ya kwanza saa 4 asubuhi, ya pili meza saa 12 jioni. Hata “chakula chenye mafuta” nimekiacha. Ni kweli dawa ile haifyonzwi vizuri bila mafuta kidogo, lakini mama aliyeko jikoni anaelewa zaidi ukimtajia maziwa au karanga.

La pili ni kukosolewa. Kwenye raundi ya wodini ukisema neno, vijana watano wanaandika. Huku kwenye uandishi, mhariri wa umri wa mwanao atakurudishia kazi imejaa wino mwekundu, wala hakuiti “Dokta”. Kama hilo litakukosesha usingizi, lile shamba la korosho si baya.

Kisha kuna suala la jina, na hapa ndipo wengi wetu tunaumia. Kamati ya Kimataifa ya Wahariri wa Majarida ya Tiba ina masharti 4 ya mtu kuitwa mwandishi wa makala: awe amechangia kwa uzito katika wazo, data au uchambuzi, awe ameiandika au kuirekebisha kwa kina, aidhinishe toleo la mwisho, na akubali kuwajibika kwa kazi nzima. Yote manne kwa pamoja. Mwandishi wa kukodiwa mara nyingi ana lile la pili tu, hivyo nafasi yake ni kwenye shukrani, pamoja na kutaja nani alimlipa. Mkubaliane kwa maandishi kabla hujaandika aya ya kwanza. Na akija mtu anayetaka uweke “Dkt.” yako juu ya makala iliyoandikwa na kampuni ya dawa, mpe chai, umsindikize hadi getini.

Kuhusu vitendea kazi sina mengi. Kompyuta, miwani mipya, na programu ya kupanga marejeo. Zotero ni ya bure. PubMed, mtandao wa kutafutia makala za tiba, nayo ni bure, ila mara nyingi itakupa muhtasari tu. Hinari, mpango ulioanzishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2002, hufungua majarida mengi kwa nchi kama zetu, lakini hupitia taasisi, si mtu mmoja mmoja. Siku unaporudisha kitambulisho, na mlango huo unafungwa. Zungumza na mkutubi mapema.

Fedha je? Usitumie kiinua mgongo chako ukihesabu kwamba kila mwezi kutaingia kitu kutoka kwa mhariri. Mteja wangu mmoja, tena si maskini, alikaa na ankara yangu miezi minne. Mwaka wa kwanza ishi kana kwamba uandishi haulipi, na ukiombwa sampuli uwe nazo tatu tayari, kwa sababu hakuna atakayekuajiri kwa kusikia habari za upasuaji wako.

Mwisho, siri za watu. Nilikuwa na daftari 11 za kesi kabatini, na nilishaona kitabu ndani yake. Nikafungua moja: mama wa mapacha watatu, kijiji fulani, mwaka fulani. Sikuwa nimeandika jina, lakini pale kijijini jina la nini? Mapacha watatu walizaliwa mara moja tu. Bila ridhaa ya mama yule, kesi ile si yangu kuisimulia. Daftari zote nilizikabidhi masjala ya hospitali, nikatoka na miwani yangu na stetoskopu.