Jinsi ya kumkumbuka bibi bila kuishia kwenye fulana zenye picha yake

Jamani fulana ni sawa ila zinapauka haraka. Sisi huku Moshi tulifanya hivi: Desemba mkisharudi wote nyumbani, toa vile vitambaa vya kochi alivyofuma bibi, vikapu, mikeka, tandaza uani upige picha kimoja kimoja, na muulize mama au shangazi hiki alimfumia nani, rekodi kwa simu hapohapo maana ukisema kesho ndo basi tena. Vitambaa usitie jiki, nyuzi zinaoza, sabuni ya kipande inatosha, anika kivulini.

Alafu waite wenzake wa kikoba na jumuiya, hao ndo wanajua alimlipia nani ada akanyamaza (sisi tulikuwa hatujui kabisa!), waandalie mbege ya ndizi na ulezi, kaa kimya usikilize. Sauti tuma kwenye grupu la familia ila weka na kopi kwenye flashi, simu zinaibiwa.

Kaburini panda masale, ule mmea wa heshima wa Kichaga. Sindano yake ya kroshia mpe mjukuu anayependa kuchorachora, sio lazima mkubwa.