Kuuelewa Ukubwa wa Ulimwengu kwa Kusafiri Ndani ya Celestia

Programu nyingi zinazoonyesha ukubwa wa ulimwengu humwezesha mtumiaji kukuza na kupunguza picha, hivi kwamba kwa kutelezesha kidole mara moja anatoka Duniani na kufika kwenye galaksi za mbali. Picha hizo hupendeza, lakini huficha jambo lililo kubwa kuliko yote, nalo ni utupu uliopo kati ya kitu na kitu. Ndiyo maana ninapendekeza Celestia, programu ya bure iliyotolewa mwaka 2001, ambayo ikishapakuliwa kwenye kompyuta hufanya kazi bila intaneti na humwachia mtumiaji achague kasi ya safari yake.

Ukishaifungua, bonyeza Enter, andika Earth, bonyeza Enter tena, kisha G, nawe utafikishwa karibu na Dunia. Bonyeza H ili kulichagua Jua na C ili kuliweka katikati ya skrini. Halafu bonyeza F4, ambayo ni kasi ya nuru, yaani takriban kilomita 300,000 kwa sekunde. Kwenye baadhi ya kompyuta za mkononi itabidi ubonyeze pamoja na Fn. Usiguse kitu kingine. Umbali ulioandikwa juu kushoto utashuka mfululizo, ilhali Jua lenyewe litaonekana kana kwamba halisogei, kwa kuwa safari hiyo ya kilomita milioni 150 huchukua zaidi ya dakika 8. Mwalimu asiikatize safari hii kwa kuhofia kwamba wanafunzi watachoka, kwani kule kungoja ndiko kunakofundisha.

F1 husimamisha mwendo. F6 hukupeleka, kila sekunde, umbali ulio sawa na ule wa kutoka Duniani hadi kwenye Jua, kasi ambayo haipo popote nje ya programu. Kwa kasi hiyo, kutoka kwenye Jua hadi Neptuni ni sekunde 30 tu, lakini kufika Proxima Centauri, nyota iliyo jirani kuliko zote baada ya Jua, kungechukua siku 3 usiku na mchana.

Kabla ya kubonyeza F7, ambayo ni mwaka mmoja wa nuru (umbali ambao nuru husafiri kwa mwaka mzima) kwa sekunde, mwambie mwanafunzi apige hesabu kwenye daftari. Proxima itamchukua sekunde 4. Kuvuka galaksi yetu, yenye upana wa miaka ya nuru ipatayo 100,000, zaidi ya saa 27. Na kufika galaksi ya Andromeda, iliyo umbali wa miaka ya nuru milioni 2.5, karibu mwezi mzima.