Kulea vifaranga vya kambare kwenye simtanki bila kulana

Nimetoka kumsaidia jirani kuanza ufugaji, na swali lake ni lile lile la kila mtu: si huyu samaki anavuta hewa ya juu, maji machafu yatamdhuru nini? Kambare mkubwa kweli ana kiungo juu ya mashavu kinachochukua oksijeni hewani. Kifaranga mchanga bado hana, anategemea mashavu tu. Ndiyo maana namshauri anayeanza anunue waliofika gramu 3 hadi 5, ambao tayari wanapanda juu kugugumia hewa.

1. Kata simtanki juu, jaza robo tatu. Funika kwa wavu uliokazwa, maana kambare huruka na kutambaa nje. Acha nafasi kati ya maji na wavu wapate kupumua.

2. Maji ya bomba yakae wazi siku mbili ndipo uweke samaki.

3. Lisha chakula cha kuelea, jioni zaidi. Cha kuzama sikipendi kabisa: huoni kilichobaki, kinaoza chini, na sumu ya uozo huo inamuua hata anayevuta hewa.

4. Chambua kwa ukubwa. Hapa ndipo watu wanapopoteza samaki na kusingizia wezi au ndege. Katika kundi la umri mmoja, wachache hukua haraka kuliko wenzao, na akishawazidi anawameza. Huoni maiti, unaona tu idadi inapungua. Ukikuta mdogo amekatwa mkia, au mmoja ana tumbo limevimba na mkia wa mwenzake unachungulia mdomoni, umeshachelewa.

Chambua kila baada ya wiki moja au mbili mpaka wafike urefu wa kiganja. Usiwalishe asubuhi hiyo. Punguza maji, vua kwa wavu laini usio na mafundo, weka kwenye mabeseni matatu: wakubwa, wa kati, wadogo. Beseni la matundu husaidia, wadogo wanapenya wenyewe, lakini mimi naamini macho zaidi. Usikimbilie kuwatupa wadogo. Wakitengwa na kulishwa vizuri, wengi hushika kasi. Kama una tanki moja tu, uza wakubwa mapema. Kuwashibisha hupunguza kulana, hakukomeshi.

Ukiwashika, bana nyuma ya kichwa, vidole nyuma ya miiba ya mapezi ya kifuani. Inachoma vibaya.

5. Badilisha theluthi ya maji yakianza kunuka.